Mama wa Dirisha la Stima

Sisi hapa Mugutha hatukumwita kwa jina. Jina alikuwa nalo, limeandikwa kwenye kitambulisho alichovaa shingoni kila asubuhi akienda kazini Thika, lakini ungelitaja kwenye barabara yetu watu wangekutazama tu. Ukisema unamtafuta mama wa dirisha, hata mtoto angekuonyesha geti.

Dirisha lenyewe lilikuwa katika ofisi ya kampuni ya stima mjini Thika, kwenye ukumbi wa wateja, lile la mwisho karibu na ukuta. Hapo ndipo ulipoelekezwa kama tokeni, zile nambari za stima ya kulipia kabla, imekataa kuingia, kama mita imezima uso, kama umeletewa bili ya mtu mwingine, au kama umemaliza kujenga na hujui uanzie wapi ili uvutiwe stima. Yeye alikaa nyuma ya kioo na kuwaeleza watu. Alifanya kazi hiyo tangu mimi sijaanza kufuga kuku mpaka kuku walipokuwa ndio wanaonilisha.

Tulikuwa majirani. Ukuta wa banda langu ulikuwa ndio ua wake wa upande wa chini, kwa hivyo nilimsikia zaidi ya nilivyomwona. Na kumsikia kulikuwa kama kuwa kwenye foleni. Watu wengi wana sauti ya kazini na sauti ya nyumbani. Yeye alikuwa na moja. Akimwita mzee wake chakula kikiwa tayari, alisema, "Tafadhali, chakula kiko tayari." Mbwa akibweka bila sababu, alimwambia, "Tumekusikia." Mzee wake, ambaye alikuwa fundi wa mbao na mtu wa mzaha, alinielezea siku moja kupitia uani:

"Baba Wanja, huyu mama siku ya harusi yetu pasta alimuuliza kama amenikubali. Unajua alijibu nini? 'Ndiyo, kuna lingine?'"

Akacheka hadi akakohoa. Wakati huo kikohozi chake kilikuwa bado kitu cha kucheka nacho.

Nilianza kumjua vizuri kupitia hasara. Nilikuwa nimeleta vifaranga wangu wa kwanza, nimewawekea balbu za kuwapasha joto, nikalala kama mtu aliyemaliza kazi. Stima ikapotea. Asubuhi niliwakuta wamelundikana kwenye kona moja, wa juu wakiwa bado wanapumua kidogo, wa chini wamekuwa bapa. Nilisimama pale na karai mkononi, sijui nianzie wapi. Yeye alikuwa akipita kwenda kazini, viatu vimepakwa rangi, akaona mlango wa banda uko wazi. Aliingia, akatazama.

"Pole kwa usumbufu," akasema.

Nilitaka kumtupia karai. Nilimwambia kwamba huo si usumbufu, hao ni wanyama wamekufa. Hakukasirika wala hakuomba radhi. Alichuchumaa na sketi yake ya kazini, akaanza kunisaidia kuwatenga, walio hai upande mmoja. Huku akitenga alinieleza. Niwe na jiko la makaa karibu kila nikiwa na vifaranga wadogo, makaa yakolee vizuri kwanza huko nje kabla ya kuingizwa, kisha niyafunike na jivu yakae, na niache dirisha wazi kidogo, maana moshi usioonekana huua kuku na mwenye kuku. Nijiandikishe nambari yangu ya simu na ya mita ili nikiwa kwenye eneo litakalozimwa kwa matengenezo nipate ujumbe mapema. Stima ikipotea nichomoe kila kitu, niache taa moja tu, ndiyo itakayoniambia imerudi.

"Na ikipotea bila ujumbe?" nikauliza.

"Basi ni mti umeanguka, ama gari limegonga mlingoti. Mti hautumi ujumbe, Baba Wanja."

Akanawa mikono kwenye mfereji wangu, akaenda zake.

Pale ofisini niliwahi kumwona akifokewa. Nilikuwa nimekwenda kwa shida ya mita, na mbele yangu alikuwepo bwana mmoja mnene wa Kiganjo aliyekuwa na ploti ya nyumba za kukodisha. Wapangaji wake wote walikuwa gizani. Alipiga kioo na kiganja, akamwita mama yule majina ambayo hayasemwi mbele ya mama. Yeye alimtazama kifuani, akangoja apumue.

"Mzee," akamwambia, "kifungo chako cha tatu kinaning'inia. Kitapotea kabla hujafika nyumbani."

Yule bwana akainama kujitazama. Alipoinua kichwa hasira ilikuwa imepotea njia. Akauliza kwa sauti ya kawaida wapangaji wake wafanye nini, naye akamweleza.

Baadaye nilimuuliza kama huwa haumii. Alisema zamani alikuwa akiumia. Alikuwa akienda chooni analia, anaosha uso, anarudi. Kisha siku moja alikwenda chooni, akasimama, machozi hayakuja. Akarudi kukaa.

"Siku hizi mtu akinifokea naangalia vifungo vya shati lake. Vifungo havina matusi."

Alisema hivyo akipepeta mchele. Sikujua kama ananiambia jambo zuri au baya. Nadhani hata yeye hakujua.

Kampuni ilikuwa ikimtuma pia kwenye vikundi vya akina mama, makanisani na mashuleni, kuwaeleza watu matumizi ya stima nyumbani. Mke wangu alimsikia mtaa wa Landless, kwenye chama chao cha kuweka akiba. Alikwenda na kikapu. Ndani ya kikapu hamkuwa na chakula. Mlikuwa na soketi iliyoungua ikawa nyeusi kama chungu, waya uliotafunwa na panya, na kipande cha kamba ya nguo ambacho mtu alikuwa amekifunga kwenye waya unaoingiza stima nyumbani. Alivipitisha vitu hivyo mkono kwa mkono, wakavishika, huku akisema kwa sauti ile ile. Ukiona waya umeanguka chini usiusogelee, hata kama umelala kimya kama kamba; wafukuze watoto, piga simu, mlinde mtu mwingine asipite. Ukitaka kupiga pasi, zipige za wiki nzima mara moja, usiwashe pasi kila asubuhi kwa shati moja. Fundi akija kukutia nyaya, mwambie akuonyeshe kibali chake, na asipokuonyesha, mwonyeshe mlango. Mtu akija na kofia ya kampuni, kofia si kitambulisho.

"Na ukipigwa na stima bafuni kidogo tu, kama kuwashwa," akauliza mama mmoja, "hiyo ni mbaya?"

"Hiyo ni stima inakusalimia," akajibu. "Usingoje ikukaribishe. Zima hiyo hita ya kuoga, uite fundi leo."

Mke wangu alirudi akatuchomolea karibu kila kitu kwenye ukuta.

Kwa hivyo utaelewa tulivyoshangaa kuona alichofanya mwaka ule mwenye nyumba wa upande wa juu alipogombana na wapangaji wake vijana, mume na mke wenye mtoto mchanga, akawang'olea waya. Mama wa dirisha, aliyekuwa akihubiri kila mahali kwamba usipitishe waya uani na usimgawie jirani stima kutoka kwa mita yako, alinunua waya mrefu, akauchomeka jikoni kwake, akaupitisha juu ya ua, kwenye matawi ya mparachichi, mpaka kwa wale vijana. Ulining'inia pale mpaka walipopata kwingine. Mvua ikinyesha alikuwa akitoka na mwavuli kuutazama.

Mimi na mzee wake tulikuwa tumesimama chini ya waya huo siku moja, tukitazama juu.

"Mama wa kampuni," mzee wake akamwita, "hii ikikamatwa, nani atakuja kukukamata? Si ni wewe?"

"Hiyo sitaki kuizungumzia," akasema, akaingia ndani.

Hakuizungumzia kamwe. Na alipenda giza, hilo pia lilitushangaza. Jioni nyumba zote za barabara yetu zikiwa zimewaka, yake ilikuwa nyeusi. Alikuwa akikaa kwenye ngazi za mlango wa jikoni mpaka asiweze kuona vidole vyake, ndipo anainuka kuwasha. Mke wangu alifikiri anabana matumizi. Nilimuuliza. Alisema kutwa nzima yuko chini ya taa za ofisi na watu wanamwambia habari za taa, kwa hivyo macho yake yakifika nyumbani yanataka kuachwa.

Kikohozi cha mzee wake kikaendelea mpaka kikawa si cha kucheka nacho. Mapafu. Miaka ya vumbi la mbao, daktari alisema, na mengine ambayo hata daktari hakuyajua vizuri. Alirudishwa nyumbani na mashine ya oksijeni, ile ya kuchomekwa ukutani, inayovuta hewa ya chumba na kuisafisha, na mtungi mmoja wa akiba kwa ajili ya stima ikipotea. Mashine ilinguruma kama jokofu la zamani. Nilikuwa nikiisikia nikiwalisha kuku. Baada ya muda nikawa siisikii.

Mama wa dirisha alikuwa akiwaambia wateja wake kila siku, kama una mgonjwa anayetumia mashine, tuambie mapema, tuweke alama kwenye akaunti yako. Kwa mzee wake alifanya vivyo hivyo. Alichukua ruhusa ya siku, akaenda ofisini kwake mwenyewe na nguo za nyumbani, akapanga foleni kwenye dirisha la mwenzake. Mwenzake alimwambia apite tu nyuma. Alikataa. Alisema leo yeye ni mteja.

Alama iliwekwa. Lakini mti hautazami alama.

Mvua hiyo ilianza alfajiri, na upepo ambao sijausikia tena. Kulipokucha miti ilikuwa imelala juu ya nyaya kuanzia kwetu mpaka Thika. Yeye alikuwa ameshatoka mapema kwenda kazini, mzee akiwa sawa, mke wangu akikaa naye kama walivyokuwa wamepatana. Stima ikapotea. Mke wangu akamhamishia kwenye mtungi. Tukapiga simu ya kuripoti, ikawa na shughuli, maana kila mtu alikuwa akiipiga. Simu ya mama mwenyewe ilikuwa imezimwa, kwa sababu kwenye dirisha hawakuruhusiwa kuwa nazo. Mshale wa mtungi ukawa unashuka. Nikamwambia mzee twende hospitali na pikapu yangu ya mayai.

"Nenda kwanza ukamwambie," akasema. Maneno yalikuwa yakitoka moja moja. "Sitoki hapa bila mama wa kampuni."

Nilibishana naye. Alifunga macho, akakataa kuyafungua. Basi nikaenda.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka nje. Wote walikuwa na mvua ile ile mdomoni: mti wetu, waya wetu, transfoma yetu. Nilijipenyeza mpaka karibu na kioo. Mbele yake alikuwepo nyanya mmoja aliyekuwa akisomewa tokeni, nambari moja moja. Mama aliniona. Najua aliniona kwa sababu alinyamaza katikati ya nambari, kisha akaendelea.

"Mtungi?" akaniuliza juu ya kichwa cha yule nyanya.

"Mshale umeingia kwenye nyekundu."

Aliitikia kwa kichwa. Akamalizia nambari. Akamwambia yule nyanya aisome tena yeye mwenyewe, polepole. Nyanya akaisoma. Ilikuwa sawa. "Asante, nenda salama," akamwambia, kisha akageuza kibao cha dirisha, akaingia mlango wa nyuma. Watu walilalamika. Mtu mmoja akasema, "Hawa ni kunywa chai tu." Nilisimama nikitazama kiti chake. Sikumbuki kuwaza chochote.

Alitoka amebeba mkoba.

"Mafundi wako Landless," akasema. "Wakimaliza huko ndipo waje kwetu. Twende tumpeleke hospitali."

Pale barabara ilipokuwa imefungwa na mti alishuka na kusaidia wanaume kuvuta matawi, akarudi akakaa, akajipangusa majani. Tulimkuta mzee midomo imebadilika rangi. Alipomwona mama alifungua macho.

"Kuna lingine?" akamuuliza mkewe.

Tulimpakia nyuma pamoja na mtungi, mke wangu akimshika kichwa, nikaendesha mpaka hospitali ya Ruiru. Tulifika, wakamtia kwenye oksijeni yao. Akapona, kwa maana ya kupona aliyokuwa amebakiwa nayo. Baada ya siku kadhaa alirudi nyumbani, mashine ikaendelea kunguruma.

Alikufa majuma machache baadaye, Jumapili, watu wakitoka kanisani, jua limewaka, na stima ipo. Hilo nililifikiria sana, au nilijaribu. Tungepata mtu wa kulaumu, au mti, ingekuwa rahisi zaidi. Lakini stima ilikuwepo, mashine ilikuwa ikifanya kazi, bomba lilikuwa puani mwake, naye alikuwa ameacha tu kupumua. Nilipoingia, mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na viatu vya kanisani. Mashine bado ilinguruma. Nikanyoosha mkono niichomoe.

"Izime kwanza hapo juu yake," akasema. "Kisha soketi. Halafu ndiyo uchomoe."

Nikafanya hivyo kwa mpangilio huo. Chumba kikawa kimya, na ndipo nilipogundua jinsi ilivyokuwa na kelele.

Mazishini aliombwa aseme neno. Alisimama, akashika kipaza sauti, akaufuata waya wake kwa macho mpaka mahali ulipochomekwa. "Asanteni kwa kuja," akasema. "Poleni kwa usumbufu." Akaketi. Kulikuwa na watu walionong'ona, jamaa za mzee hasa. Shangazi mmoja akasema, "Haiya, huyu mwanamke ni mbao?" Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na majembe. Sikuwa nalia pia. Nilikuwa nikihesabu kichwani chakula cha kuku.

Alirudi dirishani juma lililofuata. Niliambiwa na watu waliohudumiwa naye, walisema hakuna tofauti. Aliendelea mpaka alipostaafu, akauza nyumba, akaenda kukaa na bintiye Ruiru, kwenye ghorofa za upande ule zinazojengwa kila siku. Barabara yetu ikawa haina wa kuulizwa. Watu sasa wanabofya simu. Inafanya kazi.

Nilimwona tena mwaka huu. Kuna duka chini ya ghorofa moja huko Ruiru ninalolipelekea mayai. Nilikuwa nikishusha trei nikamwona amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka, kivulini, bakuli mapajani, anamenya minji. Amekonda. Nywele ameziacha nyeupe.

"Baba Wanja," akasema kabla sijamsalimia. "Kuku wako vipi?"

"Wako salama, mama. Na wewe?"

"Mimi nipo."

Nikavuta kreti nikakaa. Tuliongea habari za Wanja, ambaye ameolewa, na za mke wangu, na za mparachichi, ambao mwenye nyumba mpya ameukata. Kijana wa duka alikuwa akicheza muziki ndani. Kisha mama akasema, bila kunitazama, kana kwamba tulikuwa tumeacha hadithi katikati:

"Siku ile ya upepo, nilipoingia mlango wa nyuma, nilimpigia kijana wa mafundi. Nilikuwa nimemfundisha kazi huyo. Aliniambia, 'Mama, sema tu. Nitoe watu Landless niwalete kwenu sasa hivi.'"

Nikasogeza kreti karibu naye.

"Nikamuuliza Landless kuna nini. Akasema kuna kliniki ya uzazi, kuna mama yuko mezani, wauguzi wanamulika na simu. Nikamwambia, wamalize huko kwanza."

Aliponda ganda moja kwa kidole gumba, minji ikadondokea bakulini.

"Mzee alijua?" nikauliza.

"Nilimwambia jioni hiyo, hospitalini. Sikutaka akae na mimi bila kujua."

"Akasema nini?"

"Aliniuliza kama yule mama alijifungua mvulana ama msichana."

Gari la maji lilikuwa likirudi nyuma mbele ya duka, likipiga kile kilio chake, tukangoja lipite.

"Na ulikuwa unajua?"

"Ningejuaje? Nilimwambia sijui. Akasema, 'Basi kaulize, si una simu.' Nikatoka nje kwenye veranda, nikapiga kwa yule kijana, yule kijana akaenda kuuliza kwa wauguzi, akanipigia. Nikarudi ndani."

Akachukua ganda lingine.

"Msichana," akasema. "Alifurahi sana."